Dozi inapanda, sukari inapanda: kisa cha mpwa wangu na chupa iliyoganda

Naandika hiki kisa kizima kwa sababu kwenye familia yetu kila mtu anakisimulia kuanzia pale panapomfaa, mmoja anaanzia usiku ule mtoto alipokimbizwa hospitali, mwingine anaanzia kwenye ndizi mbivu, na ukikisikia nusunusu hivyo unabaki unaamini mtoto ni mkaidi na dawa imemzoea. Mi ni fundi friji hapa Moshi mjini, karakana yangu iko upande wa Mbuyuni, sio daktari, ila mgonjwa, mwenye kisukari, ni mtoto wa dada yangu na friji linalohusika nililitengeneza mwenyewe, kwa hiyo niliyoyaona nayaandika kama yalivyo na niliyoelezwa na watu wa kliniki niliyauliza mara mbilimbili mpaka nikayaelewa.

Dogo ana miaka 13, anaishi Kibosho, juu mlimani, kwa bibi yake, yani mama yangu mzazi, maana mama yake yuko Arusha kikazi. Kisukari chake kiligundulika akiwa na miaka 10. Alianza kukojoa kitandani wakati alishaacha siku nyingi, usiku anaamka anakunywa maji jagi zima, anakula kuliko kaka zake na bado kaptula zinamshuka kiunoni. Walipompima mashine haikutoa hata namba, iliandika HI tu, yani sukari iko juu kuliko mashine inavyoweza kusoma. Ni kisukari aina ya kwanza, yani kinga ya mwili wake mwenyewe ilizishambulia zile seli za kwenye kongosho zinazotengeneza insulini, na hazirudi tena, kwa hiyo insulini anayoipata ni ile ya kuchoma peke yake. Wazee wetu wengi wana aina ya pili, insulini wanayo ila mwili unaikaidi, na mtu anaweza kwenda miaka kwa vidonge na mazoezi. Watu wanachanganya sana hizi mbili. Katikati ya mkasa huu kuna jirani alishauri kabisa mtoto apumzishwe sindano achemshiwe majani, na mama alikuwa ameanza kumsikiliza, na kwa mtoto wa aina ya kwanza kuacha insulini unahesabu siku, huhesabu miezi.

Dawa yake ni insulini mchanganyiko, ile ya rangi ya maziwa, uniti 18 asubuhi na 10 jioni. Miaka mitatu ilienda vizuri kwa namna ya watu wa kawaida, sukari leo 7, kesho 11, siku ya sikukuu 14, inarudi (namba zote za sukari hapa ni milimoli kwa lita). Kliniki walimfundisha mama kutunza dawa kwenye chungu: chungu kikubwa, ndani mchanga uliolowanishwa, katikati ya mchanga chungu kidogo, chupa ndani kwenye kimfuko kisichoingiza maji, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kwenye kuta za chungu yanaondoka na joto, na kama fundi nawaambia hiyo ni kanuni ile ile inayofanya friji lipoe, kitu kinapogeuka kutoka maji kwenda mvuke kinabeba joto, tofauti ni kwamba friji lina kompresa na umeme. Kwa Kibosho, ambako Julai unavaa sweta mbili, chungu kinatosha kabisa.

Sasa mwezi wa tano friji la dukani kwa Mangi pale njia panda likafa, nikapanda nalitengeneza. Nikajaza gesi, nikabadilisha themostati, kile kidude kinachopima baridi na kukata kompresa, na Mangi akaniambia fundi wangu nataka soda inayouma meno, basi nikaizungusha mpaka 7, mwisho wa kitasa. Ni lile friji la mlango mmoja lenye kifriza kidogo juu. Kazi ilikuwa nzuri na sina la kuijutia kama kazi. Ila majirani wakaanza kumwambia mama, friji zuri hivi liko hatua hamsini na wewe bado unaweka dawa ya hospitali kwenye chungu kama maziwa mgando? Na mama ni mtu anayempenda mjukuu wake, akitajiwa kilicho bora hawezi kukaa. Mwanzoni mwa mwezi wa sita alipopewa chupa tatu za miezi mitatu akazipeleka kwa Mangi, na Mangi kwa nia njema kabisa akaziweka rafu ya juu, chini kidogo ya kifriza, zisiguswe na watoto wanaofuata soda. Ile iliyokuwa inatumika ikabaki kwenye chungu nyumbani.

Wiki ya mwisho ya Juni chupa ya chunguni ikaisha, mama akachukua mpya dukani. Hapo ndo mwanzo wa kisa, na hakuna aliyejua kama ni mwanzo.

Siku ya pili asubuhi 14. Siku ya tatu 17. Jioni 9, mama akashukuru Mungu, asubuhi yake 19. Mama akaanza kuuliza, umekula nini. Dogo anasema bibi sijala kitu. Sukari 19 halafu hujala kitu? Akaacha kumpa ndizi mbivu, akaacha kumpa uji, mkungu wa ndizi uliokuwa umening'inizwa jikoni ukahamishiwa chumbani kwake mama ukafungiwa. Mtoto akawa analala amekula machalari, ndizi zetu za kupika, kidogo tu, anaamka na 18. Walimu nao wakaambiwa wamwangalie asinunuliwe maandazi. Kliniki wakatazama daftari, wakaona namba mbaya, wakapandisha dozi, 22 asubuhi na 12 jioni, na siku kumi baadaye kwa simu wakapandisha tena, 26 na 16. Siwalaumu kwa kusoma namba, namba zilikuwa mbaya kweli, ila hakuna aliyesema niletee chupa niione, na mama hakuona sababu ya kusema kwamba dawa imehama nyumba maana kwake kwenda kwenye friji ilikuwa habari njema.

Hapa nisimame kidogo nielezee insulini yenyewe inafanya nini, maana ndo nilipogundua mtoto alikuwa anasema kweli muda wote.

Wengi tumeelezwa insulini ni ufunguo, inafungua seli sukari iingie. Ni kweli. Insulini ikigusa seli ya msuli au ya mafuta, vimilango vya kupitishia sukari vilivyokuwa vimejificha ndani vinapanda juu kwenye ukuta wa seli na sukari inaingia ifanye kazi. Lakini ukiishia hapo utaamini sukari yote iliyoko kwenye damu imepitia mdomoni, na ndivyo mama alivyoamini. Kazi nyingine iko kwenye ini. Ini ni ghala la sukari na ni kiwanda pia, usiku ukiwa umelala huli, ini ndo linatoa sukari taratibu kwenda kwenye damu ubongo usikose chakula, na ubongo wenyewe unachukua sukari bila kusubiri insulini. Kinacholiambia ini basi, imetosha, ni insulini. Isipokuwepo, ini linaendelea kumwaga hata kama damu imeshajaa, na ghala likianza kupungua linatengeneza sukari mpya kwa malighafi inayotoka kwenye misuli. Kwa hiyo mtoto anaweza kulala na njaa, asiguse ndizi hata ya kuchomoa, na akaamka na 19. Hajadanganya. Ini lake limefanya kazi usiku kucha bila msimamizi.

Na ile kukojoa na kiu nayo inafuata hapo hapo, sukari ikizidi 10 hivi kwenye damu figo zinashindwa kuirudisha yote, inatoka na mkojo na haitoki peke yake, inavuta maji. Wiki ya pili dogo alianza tena kulowanisha godoro, na badala ya mtu kusema dawa haifanyi kazi, akachekwa na binamu zake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ya tatu ya Julai, jioni ya Alhamisi, akaanza kutapika na kushika tumbo. Ijumaa alikuwa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu za ndani kama mtu aliyepanda mlima na yeye yuko kitandani, na mdomo unatoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huku kwetu harufu ya ndizi zilizochacha ina maana moja. Shangazi mmoja akasema huyu kanywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Yani mtoto anakufa na mashtaka yameongezeka. Harufu ile ni ketoni. Mwili usipopata insulini seli zina njaa katikati ya sukari iliyojaa, basi mafuta yanayeyushwa kwa kasi yapelekwe kwenye ini, ini linayageuza kuwa ketoni, na hizo ni tindikali, zikijaa damu inakuwa chachu na mapafu yanahema kwa nguvu ili kupunguza ile tindikali kwa kutoa hewa chafu. Kuhema kule hakukuwa pumu wala pombe. Mtoto mwenye kisukari anayetapika, anahema hivyo na ananuka hivyo, huyo ni wa kupakiwa kwenye gari saa hiyo hiyo.

Mama alinipigia saa mbili usiku, nikapanda na gari la jirani yangu wa karakana, saa nne kasoro tukawa hospitalini. Walimwekea dripu za maji kwanza, halafu insulini kidogokidogo kwenye mshipa, na madini ya potasiamu kwenye dripu, nikauliza kwa nini, nikaambiwa insulini ikianza kufanya kazi inasukuma potasiamu kuingia ndani ya seli na ikishuka sana kwenye damu moyo unaweza kupoteza mapigo. Asubuhi macho yalifunguka. Aliponiona jambo la kwanza aliloniambia ni mjomba mi sijanywa mbege.

Nilikaa nje kwenye benchi nikawa nasoma kwenye simu. Nikakuta kwamba mtu wa kwanza kuchomwa insulini akaishi alikuwa kijana wa miaka 14 pale Toronto, Leonard Thompson, Januari 1922, ile sindano ya kwanza haikumsaidia maana dawa haikuwa safi, wakaisafisha wakamchoma tena siku chache baadaye sukari ikashuka. Watafiti wa dawa hiyo, Banting na Best, walikuwa wameanza kazi ile kwa mbwa mwaka 1921 tu. Kabla ya hapo mtoto wa aina hii alinyimwa chakula ili asogezwe miezi. Nikamfikiria wangu aliyefungiwa ndizi chumbani kwa bibi yake, miaka mia moja baadaye, na dawa ipo.

Sasa kilichofungua kisa. Jumapili dogo alikuwa ameshatoka kwenye dripu, anakula, wakamrudisha kwenye dawa yake ya kawaida kwa dozi iliyoandikwa kwenye daftari, 26 na 16, ila kwa chupa ya wodini. Saa moja jioni akachomwa 16. Saa tisa usiku nikashtushwa, mtoto analowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Nesi akapima: 2.6. Akampa maji ya sukari, baada ya robo saa akapima tena, akampa mkate na maziwa, akatulia. Chini ya 4 tayari imeshuka mno, na ile insulini ya maziwa nguvu yake kubwa inakuja masaa manne mpaka kumi baada ya kuchoma, kwa hiyo saa tisa usiku ilikuwa ndo iko kileleni.

Kwa mtu mwenye kongosho zima hilo lisingetokea. Kongosho lina themostati, linapima sukari muda wote, ukila linamwaga insulini, sukari ikishuka linakata, kama kompresa inavyokatika yenyewe baridi ikifika. Insulini ya sindano haipimi kitu. Ukishaichoma imeshaingia, inashusha iwe umekula, iwe hujala. Themostati ya dogo ni mashine ya kupimia, daftari na bibi yake.

Nesi wa zamu, dada mmoja mpole sana, alikaa pembeni ya kitanda akafungua daftari kurasa za nyuma taratibu. Akaniuliza, kaka, nyumbani alikuwa anachoma 16 hii hii? Nikasema ndiyo. Na alikuwa anaamka na ngapi? 18, 19. Akanyamaza, halafu akasema mtoto ni yule yule na dozi ni ile ile, kilichobadilika ni chupa. Chupa ya nyumbani iko wapi, na kabla ya kufunguliwa ilikuwa inalala wapi?

Nilijibu bila kufikiri, ililala kwenye friji la Mangi, na neno lilipotoka mdomoni nikaona mkono wangu unazungusha kile kitasa mpaka 7.

Alfajiri nikapanda Kibosho na boda. Mangi akafungua duka saa kumi na mbili kasoro, nikafungua friji, soda za nyuma ya rafu ya juu zilikuwa na vipande vya barafu ndani. Boksi la insulini lilikuwa limegusana kabisa na bamba la kifriza. Chupa mbili ambazo hazijafunguliwa: moja ngumu kama jiwe, nyingine nusu barafu. Nikamuuliza, Mangi, umeme ukikatika? Akasema si unajua huku, unakatika mchana masaa, unarudi. Kwa hiyo zilikuwa zinaganda usiku, zinayeyuka mchana, zinaganda tena, na siku mama alipokuja kuchukua ilikuwa imeyeyuka, imekaa kama chupa ya kawaida. Niliacha kipimajoto changu cha kazi pale pale usiku uliofuata, asubuhi kikasoma kima cha chini kilichofikiwa ni 3 chini ya sifuri. Rafu ya chini, friji lile lile, 5 juu ya sifuri. Chupa isiyofunguliwa inataka kati ya 2 na 8.

Kwa nini kuganda kunaiua? Insulini ni protini, minyororo miwili yenye jumla ya vipande 51 vya amino asidi iliyokunjwa kwa namna yake, na ile ya rangi ya maziwa ina chembechembe zinazoelea ndani ya maji. Kwa kuwa ni protini ndo maana hainywewi, tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Maji yakiganda zile chembe zinabanwa zinashikana madonge, yakiyeyuka madonge yanabaki, kama maziwa yaliyokatika, hata uyapige mwiko hayarudi kuwa maziwa. Ukivuta kwenye bomba la sindano leo unapata maji yenye dawa kidogo tu, kesho unapata donge, na hapo ndo penye zile namba zilizokuwa zinarukaruka, ile 9 iliyomfanya mama ashukuru Mungu ilikuwa ni donge tu. Chupa iliyobaki nyumbani ilikuwa robo ya mwisho, nikaizungusha viganjani taratibu kama walivyofundishwa, mara kumi, mara ishirini, ikabaki na punje nyeupe zimeganda kwenye kioo kama theluji. Nzima huwa inakuwa nyeupe sawasawa. Mama alikuwa anaziona zile punje. Alidhani ni nguvu ya dawa imekolea.

Nilizipeleka zote tatu hospitalini, wakazichukua ziharibiwe, tukapewa mpya. Dozi daktari aliirudisha ilikotoka, 18 na 10, akataka apimwe mara nne kwa siku kwa wiki nzima pamoja na mara moja usiku wa manane. Namba zikarudi: 8, 6, 11, 7. Ile 26 na 16 ilikuwa dozi ya chupa mbovu, na kama wangemruhusu Jumapili mchana akaenda kuichoma nyumbani kwa chupa isiyoharibika, saa tisa usiku asingekuwepo wa kumsikia, bibi yake analala chumba cha mbali. Hilo silisemi kwa mama. Nalisema hapa.

Sasa hivi chupa ya kutumia iko kwenye chungu, na siku ya kufunguliwa inaandikwa tarehe juu yake maana baada ya wiki nne inaachwa hata kama imebaki. Akiba iko kwa Mangi rafu ya chini, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, mbali na ukuta wa nyuma, na kitasa nimekirudisha 3 na Mangi amekubali soda zisiume meno. Kipimajoto nimekiacha humo humo. Kwa wanaokaa mjini huku chini, Januari na Februari joto linapita 30, msije mkaogopa friji kwa ajili ya kisa hiki, friji ni zuri, angalieni tu boksi limegusa nini. Na mkienda kliniki na namba mbaya nendeni na chupa mkononi, na sisi tumeambiwa hivyo hivyo, kila tarehe ya kliniki dogo anakuja na daftari na chupa.

Mama hakuomba msamaha kwa maneno, watu wa umri wake huku hawana mazoea hayo kwa watoto. Jumamosi waliporudi nyumbani alitoa ule mkungu chumbani akautundika jikoni pale pale ulipokuwa, akakata ndizi mbivu moja, akampa mkononi, akamwambia, baba, hii ihesabu kwenye chakula chako. Dogo akapima kwanza, 6. Akatoa chupa kwenye chungu, akaizungusha viganjani, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga akaitazama chini na pembeni kwa muda mrefu, na bibi yake amesimama nyuma yake anatazama naye.